Tangazo Lililoruka Barabara ya Ufukweni

Nyinyi wawili mnaolichukua gari la matangazo, siwaachii wosia. Nawaachia maelezo ya kazi. Ofisini mtapewa ufunguo, fulana yenye nembo na semina ya siku moja yenye chai na mandazi. Mengine mtayakuta njiani, na mengine hamtayakuta popote, kwa kuwa waliohusika wangependa yasahaulike. Nayaandika sasa kabla hasira zangu hazijapoa. Zikipoa nitaandika vizuri zaidi, lakini nitaanza kuwaonea watu haya.

Shule niliiacha darasa la sita. Dirisha la darasa letu pale Msambweni lilitazama barabara kuu, na kila lori lililopita nilitaka kujua linakwenda wapi. Siku moja nikapanda moja ili nijue. Lilikuwa linakwenda Kinango na mahindi. Nikabaki huko, nikachunga mbuzi wa watu, nikajifunza Kiduruma, nikachoka. Nimechonga mawe machimboni, nimekata miwa, nimekuwa utingo, nimepaka rangi boti za kuvushia wageni. Popote nilipokaa niliuliza: hiki kinafanyaje kazi, nani amekiweka hapa, na kwa nini kimewekwa hapa na si pale? Mwajiri mmoja aliniambia ananifukuza kwa ajili ya maswali, si kwa ajili ya uvivu, ingawa uvivu pia ulikuwepo.

Bi Riziki nilimkuta Kombani. Alikuwa mwanamke wa makamo, buibui amelifunga kiunoni, bisibisi ameiuma mdomoni, amesimama juu ya pikapu kuukuu anaitukana spika. Wakati ule, ukitaka jambo lako lijulikane kutoka Waa mpaka Lunga Lunga, ulimwendea yeye. Harusi, mpira, dawa ya minazi, mtoto aliyepotea, mkutano wa chifu: vyote vilipita katika honi mbili zilizofungwa juu ya pikapu ile kwa vipande vya mpira wa tairi.

"Wewe unayetazama," aliniambia, "unajua spika, au unajua kutazama tu?"

"Shikamoo. Spika sijui, lakini nataka kujua."

"Marahaba. Basi shika hapa. Ukipigwa na umeme usinipigie kelele, naumwa na kichwa."

Nikashika. Umeme ukanipiga. Sikupiga kelele. Akaniajiri.

Siku yangu ya kwanza kushika maikrofoni ilikuwa mnadani Kinango, tangazo la chanjo ya ng'ombe. Maisha yangu yote nilikuwa nimesikiliza redio, basi nikajitia mtangazaji: nikavuta pumzi, nikanguruma. Ng'ombe wakakata kamba. Wenye ng'ombe wakatimua mbio nyuma yao, na mganga wa mifugo akabaki peke yake na sindano mkononi. Bi Riziki akazima amplifaya taratibu.

"Umewatangazia, wamesikia," alisema. "Sasa tuwangoje warudi, kisha uwasalimie kama mtu aliyelelewa."

Hilo ndilo somo la kwanza na nawapa kama nilivyopewa. Salimuni kabla ya kusema lolote. Mtu ambaye hajasalimiwa husikia kelele, na kelele haziingii akilini. Somo la pili: honi ya nyuma ndiyo inayofanya kazi. Watu hutoka nje gari likishapita, kwa hiyo maneno yawafuate. Endesheni polepole kuliko mama aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Pahali pa maana, zimeni injini. Fungeni leso kwenye maikrofoni wakati wa upepo, na msiitumie leso hiyo kufutia jasho, kwa sababu atakayeishika baada yenu pia ana pua.

Somo la tatu ndilo lililobeba mengine yote, nalo ni njia ya msiba.

Mnajua kwetu maiti halazwi. Mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini, na watu lazima wajue. Bi Riziki alikuwa na njia yake ya kutangaza kifo, na njia hiyo haikuruka mtaa. Alipita kwa maskini, kwa tajiri, kwa aliyekosana na marehemu, hata kwa mtu aliyekuwa na kesi naye mahakamani. Mara moja nilimwambia tuache kijia kimoja kule Kinondo, kina matope na mwenye nyumba hakuwa akisemezana na marehemu. Alinikata jicho.

"Kampeni huchagua mtaa," alisema. "Anayeuza kiwanja huchagua mtaa. Mimi nikisikia tangazo, la kwanza nauliza: limepita wapi, na halikupita wapi? Likipita kwa wote najifunga mkanda nalifuata. Likiruka watu, natafuta mwenye faida."

Tukasukuma pikapu matopeni mpaka kwa yule asiyesemezana na marehemu. Alikuja mazishini, na yeye ndiye aliyelia kuliko wote. Bi Riziki akaninong'oneza, "Na huyo ulitaka kumruka."

Watu wakimsikia walijua. Sauti yake ikipita katika mtaa wako na kupita pia katika mtaa wa bwana mkubwa, basi jambo hilo ni kweli. Ndiyo maana walimwamini, na ndiyo maana alikuwa mgumu kumshawishi. Wanaomlaumu leo kwa ugumu wake nataka wajue ugumu huo ulitoka wapi.

Alipostaafu alirudi kwao Kichangani, kijiji cha wavuvi na wauza leso kilichokaa juu ya ukanda wa mchanga, bahari mbele, mkono wa mto nyuma. Pazuri. Uzuri huo ndio uliowaletea balaa. Asubuhi moja gari la matangazo ambalo hakuna aliyelijua lilipita pale, likawaambia wahame kutwa nzima, nyumba zinapuliziwa dawa ya mbu. Wakahama, na watoto, na wagonjwa, na kuku. Jioni waliporudi hapakuwa na harufu ya dawa. Palikuwa na nguzo za saruji na seng'enge upande wote wa bahari, na kijana mwenye rungu asiyejua Kidigo akiwauliza wanamtaka nani. Walihangaika miaka mpaka nguzo zile zikang'olewa, seng'enge ikaachwa imelala chini. Gari lile la dawa ya mbu lilipita Kichangani tu. Halikupita hotelini, kana kwamba mbu wa huko walikuwa na adabu.

Baada ya hapo ofisi ya kaunti ikanunua gari lake la matangazo, jipya, lenye honi nne, ikaniajiri mimi. Nilifurahi, nisiwafiche. Ambacho sikukifikiria ni kwamba pikapu ya Bi Riziki ilikwenda kwa amri ya Bi Riziki, na gari la ofisi lina amri ya ofisi.

Sasa nije kwenye kimbunga.

Kilizaliwa mbali baharini, kikaelekea pwani ya chini, upande wa Tanzania. Sisi tulitabiriwa kupata ubavu wake tu: upepo, mvua na mawimbi. Bahati mbaya, ubavu huo ulikuja pamoja na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu ambayo hata bila kimbunga huja kulamba vizingiti vya Kichangani. Wataalamu walifanya kazi yao. Taarifa ilitoka mapema, nzuri, inaeleweka. Nataka hilo lijulikane, maana baadaye watu walisema hatukuambiwa. Tuliambiwa. Swali ni nani alimwambia nani.

Asubuhi nililetewa karatasi ya kusoma, na ofisa wa kukaa kando yangu, Bwana Omari, kijana wa Tiwi, mpole, shati limenyooshwa likanyooka.

"Gazi, Kinondo, Kichangani, vijiji vyote vya chini," alisema. "Barabara ya ufukweni Diani usiingie."

"Kwa nini?"

"Ni msimu wa wageni, mzee wangu. Ukipita na honi kule, kabla ya adhuhuri picha zimejaa mitandaoni, na wiki ijayo ndege zinakuja tupu. Hoteli zimeshaarifiwa kwa simu."

"Na bahari imepigiwa simu isiingie huko?"

"Mimi nimetumwa tu," alisema Omari.

Neno hilo, nimetumwa tu, nimelisikia katika kila kazi niliyofanya, na sijawahi kulisikia likitangulia jambo la heri.

Tulipita Gazi, tukapita Kinondo. Watu walitoka, walisikiliza, wengine wakaanza kufunga vitu. Kichangani tuliingia kabla ya adhuhuri. Upepo ulikuwa wa kawaida bado, ila bahari ilikuwa na rangi ya majivu na ilikuwa ikipumua kwa kishindo. Nilizima injini, nikasalimu, nikaeleza yote: maji yatakuja alfajiri, mto utafurika nyuma, ondokeni leo mchana mwende shule ya juu. Nilieleza vizuri. Katika miaka yangu yote sijaeleza vizuri kama siku ile.

Wenye watoto wachanga walianza kuondoka. Wengine waligeuza macho upande wa kibaraza cha Bi Riziki. Alikuwa ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, na hakuacha kukuna.

"Shikamoo, Bi Riziki."

"Marahaba, Hamadi. Sauti imenona. Ofisi wanakulisha."

"Umesikia tangazo?"

"Nimesikia. Umepita wapi?"

"Gazi. Kinondo. Sasa hapa."

"Na barabara ya ufukweni?"

Omari akanisaidia, au alidhani ananisaidia. "Kule wamearifiwa kwa njia nyingine, mama."

"Njia gani hiyo isiyokuwa na sauti, mwanangu? Wanarushiana karatasi?" Majirani wakacheka. Akamwita bintiye, Mejumaa, ambaye huuza leso kwa wageni kule Diani na alikuwa amerudi kuchukua mzigo. "Mejumaa! Vitanda vya wazungu viko wapi leo?"

"Viko mchangani, mama. Na wenyewe wamelala juu yake wanageuzwa kama samaki."

Hapo mambo yakaisha. Watu wa Kichangani hawana kipima upepo. Wana vitanda vya hoteli. Bahari ikitaka kuchafuka kweli, hoteli huondoa vitanda vya kuotea jua mapema, maana vitanda ni mali. Vikiwa vimeondolewa, wavuvi huvuta mitumbwi juu bila kumuuliza mtu. Siku ile vitanda vilikuwa pale pale, na tangazo lilikuwa limeruka barabara. Mlikuwa mnataka wafikiri nini? Mara ya mwisho walipohamishwa na honi walirudi wakakuta seng'enge.

"Bi Riziki," nilisema, "mimi nakwambia ni kweli."

"Wewe nakuamini. Simwamini aliyekuambia pa kupita." Akapangusa mikono. "Sikiliza. Mejumaa anarudi Diani sasa hivi. Nenda na honi zako barabara ya ufukweni. Akikusikia kule, atanipigia simu, na mimi nabeba mkeka wangu naondoka. Na hawa wote wataondoka nami. Usiponifanyia hivyo, usinibembeleze. Sikukufundisha kubembeleza."

Ilikuwa haki kabisa. Ndivyo nami ningesema.

Tulipofika kwenye kona ya Diani nikapinda kushoto, kuelekea hotelini. Omari akashika usukani. Nikasimamisha gari.

"Bwana Omari, umemsikia yule mama. Nusu kijiji kinamngoja yeye."

"Nimemsikia. Ngoja nipige simu."

Alipiga. Aliweka sauti ya nje ili nisikie, nadhani kwa wema. Sauti ya huko ofisini haikukasirika hata kidogo. Ilisema, kwa utulivu wa mtu aliye kwenye kiti cha kuzunguka, kwamba njia imeshapangwa, na kama dereva amechoka apewe mapumziko. Omari akachomoa waya wa maikrofoni, akauzungushia mkononi.

"Nisamehe, mzee wangu."

"Usiniombe mimi," nilimwambia.

Gari likapelekwa Ukunda, likafungiwa. Mimi nikapanda bodaboda nikashuka ufukweni kumtafuta Mejumaa. Askari wa hoteli walinizuia kwenye kijia, wakaniuliza namtaka nani. Ufuo ni wa umma, kijia ni cha hoteli. Fikirini nyinyi mtu afikeje. Nilipiga kelele kwa koo langu. Wageni wawili walinipungia mkono. Nikampigia Bi Riziki simu, na nikambembeleza, naam, pamoja na kukatazwa.

"Sijasikia kwa Mejumaa," alijibu. "Umepita?"

"Wamenizuia."

"Basi unajua kama mimi ninavyojua. Tangazo lina mwenyewe."

Simu ikakatika. Mvua ikaanza alasiri, ikaifunga barabara, na Mejumaa akabaki upande wa Diani na leso zake.

Alfajiri maji yaliingia Kichangani kutoka pande mbili. Waliookoka wameniambia yote, na wote wananiambia jambo moja. Mbele palikuwa bahari, nyuma palikuwa mto, katikati kiza cha mvua, na hakuna aliyejua barabara iko wapi. Bi Riziki alipanda juu ya ukingo wa kisima, pahali palipoinuka kuelekea barabarani, akaanza kuita. Alisalimu kwanza. Mtu mmoja alinisimulia hilo huku akicheka na kulia: katikati ya maji yale alisalimu. Kisha akasema, "Njooni huku, fuateni sauti, mkono wa kulia kuna seng'enge iliyolala, ipiteni mbali." Watu wakafuata sauti, wakiwa na watoto mabegani. Aliita mpaka aliyekuwa wa mwisho kupita akamwambia, "Bi Riziki, sasa njoo na wewe." Akasema anamngoja jirani yake kiziwi, asiyeweza kusikia na hivyo lazima aone mtu. Ukuta wa kisima ulikuwa wa zamani. Jirani alipofika, ulikwenda na wote wawili.

Asubuhi walipatikana kwenye mikoko.

Maiti hawalazwi, na hapakuwa na mtu mwingine wa kutangaza. Ofisi ikakumbuka kwamba dereva hakuwa amechoka sana. Omari aliniletea ufunguo mwenyewe, shati lile lile, sasa limejaa matope, maana nasikia usiku kucha alikuwa akibeba watu. Hakuniangalia.

"Pita unapopajua, mzee wangu," alisema.

"Hata jana nilipajua."

Nilimchukua Mejumaa akakaa kando yangu. Hakulia. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Njia ya msiba ya Bi Riziki ilikuwa ikianzia Kombani, lakini siku ile nilianzia kwenye kona ya Diani. Nikapinda kushoto. Hakuna aliyenishikia usukani.

Hoteli hazikuumia sana, zina kuta za kuzuia mawimbi. Vitanda ndivyo vilivyovunjika, vimetapakaa barabarani mpaka kwenye milango ya maduka. Wafanyakazi walikuwa wakiviokota. Askari mmoja, miongoni mwa wale walionizuia, alikuja kwenye dirisha la gari.

"Mzee, jana usiku wageni walihamishiwa ghorofa za juu," alisema kwa sauti ya chini. "Boti zilivutwa kwa mlango wa nyuma. Vitanda tuliambiwa viachwe. Ukiviondoa wageni wanauliza maswali."

Mejumaa alisikia.

Nikazima injini. Nikasalimu: "Assalaam aleikum, wakazi na wageni wa barabara hii. Hamjambo. Tunawatangazia kifo cha Bi Riziki wa Kichangani, mama yake Mejumaa, na jirani yake Mzee Bakari. Maziko ni leo alasiri. Wamekufa maji. Tangazo la kuwahamisha lilikatazwa kupita hapa."

Sentensi ile ya mwisho haikuwa kwenye karatasi. Niliisema mbele ya kila lango mpaka mwisho wa barabara, na mbele ya kila lango wafanyakazi waliacha kuokota wakasimama. Mgeni mmoja alitoka kibarazani akauliza kitu. Mfanyakazi akamjibu. Nilitamani kujua amemjibu nini. Mpaka leo natamani.

"Sasa mama angesikia," Mejumaa alisema, na simu ile akaitia mfukoni.

Kwa sentensi ile nimestaafu. Barua inasema nimefikia umri, na kweli nimefikia, ingawa umri ule ulikuwa umefika muda mrefu kabla na hakuna aliyeuona. Sidai kiti changu. Nadai jibu, na nimekwenda ofisini kulidai mara nyingi kiasi kwamba sasa mlinzi hunikaribisha kwa chai: nani alipanga njia ile, na angeipanga hivyo kama mama yake angekuwa anakaa Kichangani? Hakuna aliyenijibu. Wamesema itaundwa kamati.

Kwa hiyo vijana, gari mnalo. Honi ya nyuma kulia ina waya uliolegea, mkiugonga kidogo unashika. Vipande vya mpira wa tairi badilisheni kila mvua zikiisha. Na siku mtakapopewa karatasi yenye onyo na mkaambiwa barabara ya ufukweni msiingie, ingieni. Kwenye kona pindeni kushoto. Lango la kwanza lina mti mkubwa wa mkungu unaomeza sauti, simameni mbele yake kidogo. Zimeni injini, salimuni, kisha semeni. Mejumaa bado anauza leso pale. Atawasikia, naye ana namba za watu wote wa Kichangani.